Mwongozo kamili wa kutembea mji mkongwe wa Quito bila kuishiwa pumzi

Quito ni mji wa kutembea kwa miguu, na wageni wengi huuharibu kwa kuuanzia juu. Mtu kashuka kwenye ndege jana usiku, leo asubuhi yuko ndani ya kebo inayopanda mlima Pichincha, kesho yake yumo kitandani kichwa kinamgonga. Mji mkuu huu wa Ekuador uko mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa haraka: ni juu kidogo ya kambi ya Mandara. Ila Mandara unafika kwa miguu, wapagazi wakikuimbia "pole pole" njia nzima. Quito unaletwa na ndege, na hakuna wa kukuimbia.

Kwa hiyo ratiba hii ya siku tatu nimeipanga kwa kuyafuata mapafu: siku ya kwanza mitaa tambarare, ya pili ngazi, ya tatu mlima au ikweta. Ukiwa na siku moja tu, fanya ya kwanza na uache nyingine bila majuto.

Kabla ya safari

Anza na viza, na usiishie kwenye viza ya Ekuador peke yake. Kutoka Afrika Mashariki utabadilisha ndege angalau mara moja, mara nyingi Ulaya, na baadhi ya viwanja hudai viza ya kupita hata kama hutoki nje. Uliza kabla ya kulipa tiketi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiweke pamoja na pasipoti, maana unatoka eneo ambalo maofisa wa afya huliangalia kwa makini.

Fedha ni dola ya Marekani. Ekuador iliacha sarafu yake, sucre, mwaka 2000, baada ya kuporomoka kwa benki na thamani ya fedha. Beba noti ndogo: za 1, 5 na 10. Noti ya 50 au 100 mwenye duka ataitazama, ataigeuza, kisha atakurudishia akisema hana chenji. Utapewa pia sarafu za senti zilizotengenezwa Ekuador kwenyewe, nazo hazipokelewi nje ya nchi hiyo.

Hali ya usalama iangalie wiki ile ile unayosafiri. Januari 2024 serikali ilitangaza kwamba nchi imo katika mapambano ya silaha na magenge, na tangu hapo hali ya hatari imetangazwa mara kadhaa, wakati mwingine pamoja na marufuku ya kutembea usiku katika baadhi ya mikoa. Mji mkongwe wa Quito mchana umejaa wanafunzi, bibi wanaokwenda misa na polisi. Shida ya kila siku ni wachomozi. Simu iwe mfuko wa mbele, begi kifuani ukiwa ndani ya basi, na baada ya giza panda teksi, hata kama hoteli unaiona kwa macho.

Nguo ni tabaka juu ya tabaka: fulana, sweta, koti la mvua, kofia. Jua la ikweta kwenye mwinuko ule linaunguza hata ngozi nyeusi, hivyo mafuta ya kukinga jua si ya wazungu peke yao. Miezi ya Juni hadi Septemba ina mvua kidogo. Miezi mingine asubuhi huwa angavu, na mchana mawingu hushuka kutoka Pichincha yakaleta mvua.

Kuna jambo moja litakalokufurahisha: saa za Kiswahili zinafanya kazi Quito. Mji uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na kuzama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima. London saa ya kwetu inapotea njia wakati wa baridi. Quito, saa moja asubuhi ni saa moja kweli. Kwa hiyo saa zote humu ni za Kiswahili. Rudisha tu saa yako nyuma kwa saa nane ukitoka Nairobi au Dar es Salaam.

Kumpata mtembeza watalii

Wako wa aina tatu. Wa kwanza ni wale wa matembezi ya bakshishi: mnakutana asubuhi mahali walipotangaza, mnatembea saa mbili au tatu, mwishoni kila mtu anatoa alichoona kinafaa. Mara nyingi ni vijana wachangamfu, wana hadithi nyingi, lakini makanisani wengi wao husimulia wakiwa nje tu. Wa pili ni mtembezaji mwenye leseni unayemkodi mwenyewe kwa nusu siku. Huyu anaingia nawe ndani, na mkiwa watu watatu au wanne gharama inagawanyika vizuri. Wa tatu ni watembezaji wa ndani ya makumbusho na makanisa, ambao kwenye baadhi ya sehemu wamo kwenye kiingilio.

Ushauri wangu: mkodi mwenye leseni kwa asubuhi ya kwanza peke yake, mchana tembea mwenyewe. Quito ina hadithi ambazo jiwe haliwezi kukusimulia, lakini saa sita mfululizo za maelezo zinachosha kuliko kilima.

Kabla ya kukubaliana, uliza: bei ni ya kundi au ya mtu mmoja? Viingilio vimo? Tutaingia ndani ya kanisa la La Compañía au tutalitazama kwa nje? Kuna ngazi? Lugha gani? Kihispania ndicho cha mji, Kiingereza kinapatikana, Kiswahili usikitegemee. Mwombe akuonyeshe kitambulisho cha leseni. Mwenye nacho haoni vibaya. Waliowahi kushuka bandarini Unguja wanawajua mapapasi, na hata Plaza Grande, uwanja mkuu wa mji mkongwe, hakukosi mtu wa kukusogelea na kujifanya amekuona jana. Mshukuru, endelea na safari.

Usiweke matembezi Jumatatu kama unataka makumbusho, kwa sababu mengi hufungwa. Jumapili mitaa inapendeza, lakini makanisa yana misa na huwezi kuzunguka kupiga picha watu wakisali.

Siku ya kwanza: mitaa tambarare

Anza saa tatu asubuhi Plaza Grande. Ukija kwa metro, iliyoanza kubeba abiria rasmi Desemba 2023 kwa nauli ya senti 45, shuka kituo cha San Francisco, ndicho pekee kilicho katikati ya mji mkongwe. Kutoka hapo hadi uwanja mkuu ni mwendo wa dakika chache.

Mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja inakupoteza kwa kona. Ya Quito imenyooka kama rula, maana Wahispania walioanzisha mji wao hapa tarehe 6 Desemba 1534 waliichora miraba juu ya ardhi yenye mabonde, na mabonde hayakuulizwa. Ukitembea kwa urefu wa mtaa wa García Moreno utakuwa salama. Ukikata kushoto au kulia ndipo pumzi inapotafutwa.

Uwanjani, simama katikati kwenye mnara wa uhuru na uzunguke taratibu. Upande mmoja ni ikulu, Palacio de Carondelet. Tarehe 6 Agosti 1875 rais Gabriel García Moreno, Mkatoliki mwenye mkono wa chuma, alikatwa kwa panga na Faustino Rayo hapo hapo nje ya ikulu, mchana. Mtaa unaotembea una jina la marehemu huyo, na watu wa Quito bado wanabishana kama alikuwa mjenzi wa nchi au dikteta. Mwulize mtembezaji wako yeye yuko upande gani. Jibu lake litakufundisha kuliko tarehe. Ndani ya ikulu kuna mchoro mkubwa wa ukutani wa Oswaldo Guayasamín, unaoonyesha safari ya Wahispania iliyotoka Quito mwaka 1541 na kuishia kwenye mto Amazon. Ziara ya ndani, pale usalama unaporuhusu, hutaka pasipoti halisi, kwa hiyo siku hiyo usiiache hotelini.

Upande wa pili ni kanisa kuu, na humo amelala Antonio José de Sucre. Hili jina utalikuta kila mahali: uwanja wa ndege, ile fedha iliyokufa, mitaa. Ndiye aliyeshinda vita vya Pichincha tarehe 24 Mei 1822, kwenye miteremko ya mlima unaouona juu ya mapaa, na kuung'oa utawala wa Hispania mjini. Miaka minane baadaye aliviziwa na kuuawa, akiwa na miaka 35. Mjane wake aliuficha mwili, na mahali ulipo hapakujulikana hadi mwaka 1900, mifupa ilipopatikana kwenye monasteri moja hapa mjini. Ukiwa nje ya kanisa soma bamba la ukutani: linadai kwamba kugunduliwa kwa mto Amazon ni utukufu wa Quito. Waliobeba mizigo ya safari ile, maelfu ya wenyeji asilia, bamba haliwataji.

Kutoka hapo shuka García Moreno hatua chache hadi La Compañía de Jesús, kanisa la Majesuti. Hapa lipa kiingilio na ukae. Ujenzi ulianza 1605 ukaisha 1765, miaka 160, na miaka miwili tu baadaye mfalme wa Hispania akawafukuza Majesuti katika makoloni yake yote. Ndani, kuta na dari zimefunikwa karatasi nyembamba za dhahabu kiasi kwamba dakika ya kwanza macho hayajui yashike wapi. Usianze na altare. Tazama kwanza karibu na mlango: upande mmoja kuna ngazi za kuzunguka za kweli, upande wa pili kuna ngazi zilizochorwa tu, ili pande mbili zilingane. Kisha tafuta picha kubwa ya jehanamu, ambamo kila mdhambi ameandikiwa kosa lake na kupewa adhabu yake. Iliyopo ni nakala ya karne ya 19 ya mchoro wa mwaka 1620. Mapambo ya kijiometria ya nguzo yatamfanya mtu wa pwani asimame: ni ya mkondo wa Waislamu wa Hispania, yakavuka bahari na mafundi, yakaishia kanisani.

Saa tano hivi nenda San Francisco. Ujenzi wa monasteri hii ulianza miaka ya 1530, mji ukiwa bado mchanga. Mtembezaji lazima akusimulie habari ya Cantuña, fundi mwenyeji aliyeahidi kumaliza uwanja wa mbele wa kanisa, siku zikamwishia, akamwuzia Ibilisi roho yake kwa sharti kwamba kila jiwe liwe mahali pake kabla ya alfajiri. Jogoo akawika jiwe moja halipo, Cantuña akasalimika. Kuna masimulizi mengine ya nani aliliondoa jiwe hilo na namna gani. Kila mtembezaji ana lake na kila mmoja anaapa. Ndani, kwenye altare kuu, tazama sanamu ya Bikira mwenye mabawa iliyochongwa na Bernardo de Legarda mwaka 1734. Ikumbuke, kesho utakutana nayo tena ikiwa kubwa kama jengo.

Hapa agana na mtembezaji wako, mpe chake, ukale.

Neno la kutafuta mlangoni ni *almuerzo*: supu, sahani ya wali na kitoweo, na juisi, kwa bei ya pamoja ya dola chache. Ukikuta *locro de papa*, supu nzito ya viazi yenye jibini na parachichi, usiiache. *Seco de chivo* ni mchuzi wa mbuzi unaoliwa na wali, na utakukumbusha nyumbani. Asiyekula nguruwe ajue maneno matatu: *chancho*, *hornado* na *fritada*, yote ni nguruwe, na nyanda za juu za Ekuador zinampenda mno. Sema *sin chancho*, na uulize tena hata kama umeitikiwa. Barabarani utaona akina mama wamebeba kitu cheupe au cha waridi kinachofanana na aiskrimu ambayo haiyeyuki juani. Ni *espumilla*, povu la mayai, sukari na mapera. Tamu kupita kiasi; mnunue watu wawili moja.

Adabu zao zitakupa raha. Ukimwita mtu wa Quito, au asipokusikia vizuri, anaitika *¿mande?*, kwa maana ya "niamuru", na mimi siwezi kuitafsiri ila kwa "labeka". Muuza duka unamwita *vecino* au *vecina*, jirani, hata kama hamjawahi kuonana. Na ukitaka kitu, kabla ya kuomba unasema *no sea malito*, yaani usiwe mbaya kidogo tu. Ukitumia hayo matatu, bei haitashuka lakini sura itafunguka. Msafiri mweusi pia atadhaniwa mara kwa mara kuwa ametoka Esmeraldas au bonde la Chota, kwenye jamii kubwa za Waekuador wenye asili ya Afrika. Ukisema Tanzania au Kenya, jiandae kwa maswali ya simba na mbio.

Mchana mvua ikianza, ingia Museo de la Ciudad, mtaa huo huo wa García Moreno. Jengo lilikuwa hospitali kuanzia 1565 hadi 1974, na maonyesho yake ya maisha ya watu wa kawaida ni dawa baada ya dhahabu yote ile ya asubuhi. Ng'ambo ya barabara ni monasteri ya Carmen Alto, ambako masista wasioonekana huuza asali na biskuti kupitia sanduku la mbao linalozunguka ukutani: unaweka pesa, linazungushwa, bidhaa inatoka, sura hujaiona.

Magharibi inapokaribia teremka La Ronda, kichochoro chenye mafundi: kofia, pia za mbao za kuchezea watoto, aiskrimu inayokorogwa kwa mkono kwenye sufuria la shaba lililowekwa juu ya barafu. *Canelazo* ni kinywaji cha moto cha mdalasini na tunda linaloitwa naranjilla, kinachotiwa pombe kali ya miwa. Usiku wa kwanza agiza kisicho na pombe. Kileo na mwinuko havipatani, na atakayeujua ukweli huo asubuhi ni wewe.

Siku ya pili: ngazi

Kama umeamka kichwa chepesi, nenda Basílica del Voto Nacional saa tatu, kabla ya foleni. Kwa mtindo ni kanisa la Ulaya ya kale, kwa umri ni la juzi: ujenzi ulianza mwishoni mwa karne ya 19, na Papa Yohane Paulo wa Pili alilibariki Januari 1985. Inua macho kwenye kuta za nje. Mahali ambapo makanisa ya Ufaransa huweka mazimwi, hapa kuna wanyama wa Ekuador: iguana, kobe wa Galápagos, armadilo. Watu husema siku litakapokamilika kabisa dunia itaisha, ndiyo maana daima kuna kitu kimebaki.

Tiketi ya minara inauzwa peke yake. Utapita juu ya dari la kanisa kwenye daraja la mbao, kisha utapanda ngazi za chuma zilizosimama karibu wima, upepo ukiingia pande zote. Anayeogopa urefu abaki chini bila aibu. Mnara wa saa upande wa mbele una mandhari karibu sawa na ngazi za kistaarabu zaidi.

Baadaye chukua teksi hadi kilima cha El Panecillo. Usipande kwa miguu: ngazi zile zina sifa mbaya ya wizi kwa miaka mingi. Mwambie dereva akusubiri, mkubaliane bei kabla. Juu yuko yule Bikira wa Legarda, safari hii wa vipande 7,000 vya alumini, aliyesimamishwa mwaka 1975. Anatazama kaskazini, na watu wa mitaa ya kusini, ambako wafanyakazi wengi wanaishi, wana utani wa uchungu kwamba hata Bikira amewapa mgongo. Siku angavu utaiona Cotopaxi kwa mbali, volkano hai yenye theluji, mita 5,897. Ndiyo, inaizidi Kilimanjaro kwa mita mbili.

Siku ya tatu: mlima au ikweta

Chagua kimoja. Kebo ya TelefériQo inakufikisha karibu mita 4,000, juu ya kambi ya Horombo, ndani ya dakika zisizozidi ishirini. Nenda asubuhi mapema. Ikifika saa sita mara nyingi utaona wingu jeupe tu. Kaa juu saa moja, kunywa maji, tembea kidogo. Kilele cha Rucu Pichincha kinaonekana karibu kuliko kilivyo, na kukiendea bila mwongozaji ni kujitafutia balaa.

Au nenda Mitad del Mundo, penye mnara wa ikweta, kilomita 26 hivi kaskazini, kwa teksi, kwa ziara ya kulipia au kwa basi kutoka kituo cha Ofelia. Mnara wa mita 30 unaadhimisha wanasayansi wa Ufaransa waliofika mwaka 1736 kupima kama dunia imebonyea kwenye ncha zake. Walikuta imebonyea kweli, na nchi yenyewe ikaja kuitwa kwa jina la mstari wa ikweta. Kichekesho ni kwamba vipimo vya satelaiti vinaonyesha mstari halisi uko mita 240 hivi kutoka pale watu wanapopangana kupiga picha.

Jirani, kwenye jumba la Intiñan, utaonyeshwa maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Aliyepita Nanyuki au Kayabwe ameshauona mchezo huu, kwa jagi na vijiti vya kiberiti. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni. Anayeyageuza ni mkono unaoyamimina. Tazama mkono, cheka, toa bakshishi.

Siku ya kuondoka, toka mjini ukiwa na muda wa saa nne au tano kabla ya ndege. Uwanja uko Tababela, nje kabisa ya mji upande wa mashariki, na barabara ya kushuka bondeni hujaa wakati wa kwenda na kutoka kazini. Zile senti za Ekuador zilizobaki mfukoni zimalizie kwa chokoleti kabla ya kupita ukaguzi.